Sukari Ipo, Lakini Haipo

Jumamosi moja jioni, siku mbili baada ya mishahara kutoka, niliingia supamaketi moja ya Dar es Salaam kutafuta sukari ya kilo 2. Kibandiko cha bei kilikuwepo; rafu ilikuwa tupu hadi ukutani. Kijana mpanga bidhaa akanijibu kwa adabu: "Imeisha, mzee. Jaribu Jumanne." Nilijizuia kucheka. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimesimama ndani ya ghala la kampuni hiyohiyo, mwendo wa kilomita kama tisa kutoka pale, nimeegemea sukari iliyopangwa kunipita kimo. Wenyewe walikuwa wameniita niwashauri: jengo limejaa, walipanue kwa kiasi gani?

Nimekula chumvi nyingi kwenye magodauni ya vyakula. Nilianza kama karani wa kupokea mzigo, na tangu niache kuajiriwa swali hilo la kupanua jengo nimeulizwa kuliko lingine lolote. Siku zote huomba kwanza nioneshwe mlango wa kupokelea mzigo, saa mbili asubuhi, siku ya kazi. Baada ya saa moja pale huwa nimeshajua kama tatizo ni jengo. Mara chache sana huwa ni jengo.

Tutenganishe mambo mawili. Kuna uhaba wa kweli. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika nchi nzima na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Katika hali kama ile, hata ghala linaloendeshwa vizuri lina machache ya kufanya. Uhaba ninaouandika leo ni ule wa bidhaa iliyokwisha kununuliwa, imeshalipiwa ushuru, imelala chini ya paa la mwenye duka, na bado mteja anarudi nyumbani mikono mitupu.

Uhaba huo hauko kwetu peke yetu. Mwaka 2002 watafiti watatu, Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj, walikusanya takwimu za maduka ya nchi nyingi wakakuta kwamba kwa wastani bidhaa 8 kati ya kila 100 hazipo kwenye rafu mteja anapozitafuta. Kilichowashangaza wengi ni sababu. Karibu robo tatu ya upungufu huo chanzo chake kilikuwa dukani kwenyewe: oda iliyochelewa, oda iliyokosewa, au mzigo uliokuwa stoo ya nyuma bila mtu wa kuutoa. Viwanda na wasambazaji, ambao ndio hutupiwa lawama kwanza, walichangia robo tu iliyobaki.

Kabla sijaingia ndani ya ghala, niseme neno kuhusu mwenye ghala. Wafanyabiashara wengi wakubwa wa nchi hii, au baba zao, walilelewa na miaka ya mwanzo ya 1980: foleni za maduka ya umma ya RTC, sabuni ya kipande kwa kaya, kisha mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Aliyepitia kipindi kile akiona ghala limejaa hadi kwenye kenchi hupata usingizi mzuri. Kwake mzigo ni akiba. Simlaumu. Lakini akiba hiyo ina tarehe ya kuisha muda, inalipiwa riba benki, inaliwa na panya, na kila siku inapolala inazuia njia ya mzigo mwingine kupita. Ghala la vyakula kazi yake ni kupitisha. Bidhaa iliyokaa humo wiki sita imeshindwa kazi, hata kama haijaoza.

Sasa twende mlangoni, na hapa nitaomba tukae.

Saa mbili asubuhi ile niliyokwenda, nje ya geti kulikuwa na foleni ya magari kumi na manne. Fuso mbili za unga, kenta za mafuta ya kula na sabuni, kirikuu kimoja cha viungo, gari la maziwa lenye jokofu linalonguruma, na semitrela ya karatasi za chooni iliyowahi kufika usiku. Hakuna hata moja lililopewa saa ya kufika. Kila msambazaji humwambia dereva wake awahi, maana akishusha hapa ana wateja wengine watatu wa kuwapelekea. Matokeo yake wote huwahi, na wote huchelewa. Semitrela ya karatasi za chooni, mzigo ambao hata ukisubiri mpaka Idi hauharibiki, ilikuwa ya kwanza kushusha kwa sababu ilikuwa ya kwanza kulala getini. Maziwa yalikuwa nambari tisa. Utingo wa gari la maziwa alikuwa ametandika khanga chini ya tela la jirani, amelala.

Ndani, karani wa kupokea alikuwa mmoja. Kijana mwerevu, kalamu sikioni, ankara mkononi. Makuli wanashusha, utingo anahesabu kwa sauti, karani anaandika. Utingo akisema themanini, na ankara ikisema themanini, basi ni themanini. Nimewahi kuwa karani huyo. Najua kwamba ukishikilia karatasi yenye jibu, macho yako yanaona jibu. Paleti inaweza kuwa imepangwa kuta nne na katikati ina shimo la katoni mbili, na usilione, kwa sababu karatasi imekwishakwambia hakuna shimo. Njia ya kuzuia kosa hilo ni ya zamani na haihitaji mashine: mpokeaji anyang'anywe ankara. Ahesabu, aandike alichokiona kwenye karatasi tupu, kisha mtu mwingine ndani ya ofisi ndiye alinganishe. Siku tulipolijaribu hilo kwenye ghala mojawapo nililowahi kufanyia kazi, wasambazaji wawili waliomba wapewe muda "wakapange upya mzigo" kabla hata hatujaanza kuhesabu.

Ila wizi, kwa uzoefu wangu, si adui mkubwa wa mlango huu. Adui mkubwa ni kosa la bahati mbaya. Chukua unga wa sembe. Kuna bunda la pakiti 12 za kilo 2, na kuna bunda la pakiti 24 za kilo 1. Yote mawili yana kilo 24, kimo kilekile, plastiki ileile, jina lilelile la kiwanda. Karani aliyechoka akiingiza mabunda 100 ya kilo 2 kana kwamba kila bunda lina pakiti 24, kompyuta itaamini kuna pakiti 2,400 wakati ghalani zimo 1,200. Kuanzia dakika hiyo mfumo umepofuka. Duka litauza, hesabu itashuka, na siku pakiti ya mwisho ya kweli itakapotoka, kompyuta itakuwa bado inaona 1,200 zimebaki. Kwa hiyo haitaagiza. Itakaa hivyo, imetulia, mpaka mtu aende kwa miguu akaone patupu. Huo ni mzigo hewa. Tunajua mishahara hewa; huu ni ndugu yake, ila wenyewe hauna mtu anayeula.

Msomaji anaweza kudhani kosa kama hilo hutokea mara moja kwa mwaka. Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichunguza rekodi karibu 370,000 za mali katika maduka ya kampuni moja kubwa ya rejareja Marekani, utafiti uliochapishwa 2008. Asilimia 65 ya rekodi hizo hazikulingana na kilichokuwepo dukani. Kampuni hiyo ilikuwa na misimbo pau, kompyuta na wakaguzi. Wamarekani walianza kusoma misimbo pau dukani tangu Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, kwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Miaka mingi ya kifaa hicho, na bado karibu theluthi mbili ya hesabu zilikuwa na kasoro. Mimi nikiletewa ripoti ya ghala la Dar inayosema usahihi ni asilimia 99, huwa naomba chai kwanza.

Dawa ya hesabu mbovu tunayoipenda ni ile ya Desemba: funga ghala siku mbili, leta watu arobaini, hesabu kila kitu, rekebisha, funga mwaka. Watu wanahesabu usiku, wamechoka, wengine ni wauzaji waliosombwa kutoka matawini wasiojua tofauti ya bunda na bunda. Nimeona hesabu ya Desemba ikiingiza makosa mapya kuliko iliyoyaondoa. Kinachofaa zaidi ni kuhesabu kidogo kila siku. Watu wawili, bidhaa ishirini, kabla magari hayajaanza kupakia. Zile zinazokimbia, kama sukari, mafuta, unga, chumvi na sabuni ya mche, zihesabiwe kila wiki. Pilipili ya unga isubiri zamu yake ya miezi mitatu. Faida kubwa ya mtindo huu ni kwamba kosa linapogunduliwa Jumatano lilikuwa limefanyika Jumatatu, na aliyelifanya bado anakumbuka. Kosa la Machi linalogunduliwa Desemba halina mwenyewe.

Turudi kwenye foleni. Kumpa kila msambazaji saa yake ni jambo jepesi kulitamka. Daftari moja na simu vinatosha: vinavyoharibika upesi alfajiri, unga na sukari asubuhi, karatasi na mabeseni baada ya saa nane mchana. Ugumu uko kwingine. Msambazaji anayekudai siku 90 hawezi kukuheshimu ukimwambia afike saa kumi na mbili na dakika ishirini. Atafika akipenda, na akichoka hafiki kabisa. Mwaka 2017 wakazi wa Nairobi, na hata sisi wa huku, tulishuhudia Nakumatt, mnyororo uliokuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, rafu zake zikibaki wazi kwa sababu wenye bidhaa walikuwa hawajalipwa na wameacha kuleta. Miaka mitatu baadaye Tuskys ikapita njia hiyohiyo. Mtaalamu wa maghala hakuwa na cha kurekebisha pale. Ndiyo maana kila ninapoandika mapendekezo ya mlango wa kupokelea, huweka mbele kabisa jambo ambalo mwenye kampuni huliona halihusiani: lipa kwa tarehe. Nidhamu ya geti hununuliwa kwa malipo.

Na tarehe nyingine, ile ya kuisha muda. Kanuni inayosomwa vyuoni ni kwamba kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kwa nguo sawa. Kwa chakula haitoshi, kwa sababu mzigo ulioingia leo unaweza kuwa umekaa kwa msambazaji miezi minne na ukawa unaisha kabla ya ule ulioingia mwezi uliopita. Chakula hutoka kwa kufuata tarehe ya kuharibika. Kwa hilo lazima tarehe ionekane, na si kwa herufi za mchwa zilizochapwa kwenye kona ya katoni iliyogeukia ukutani. Kalamu nene nyeusi, karatasi ya A4, tarehe kubwa mbele ya kila paleti. Gharama yake ni shilingi chache. Nimeingia maghala yenye kamera 32 ambayo hayana karatasi hizo.

Sukari ile niliyoiegemea ilikuwa wapi? Mwisho kabisa wa jengo, ukutani, kama hatua mia moja kutoka mlango wa kupakilia. Nilipouliza kwa nini, hakuna aliyejua. Baadaye msimamizi wa zamu alinitobolea siri: siku ilipofika mara ya kwanza, pale ndipo palikuwa na nafasi, dereva wa foklifti akaiweka. Tangu hapo ikawa "kwake". Hivyo ndivyo ramani nyingi za maghala yetu zilivyochorwa, na dereva wa foklifti siku ya Jumanne yenye haraka.

Vitabu vya fani hii hukadiria kwamba zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha ghala huliwa na kazi ya kuchagua mzigo wa oda, na kwamba nusu ya muda wa mchaguaji huenda katika kutembea. Sikuamini mpaka nilipomfuata mmoja. Dada mchapakazi, oda ya tawi moja, mistari 46. Alitoka mlangoni akaenda kwenye biskuti, akavuka kwenda kwenye chai, akarudi kwenye kiberiti, akavuka tena kwenda kwenye sukari, akarejea na toroli limelemewa, kisha akagundua chini ya sukari ameweka biskuti. Akapakua, akapanga upya. Oda ilikuwa imeandikwa kwa mpangilio wa alfabeti. Alikuwa akitembea kwa kufuata herufi, na miguu yake haijui alfabeti.

Kilichofuata hapo kilikuwa kazi ya wikiendi moja. Bidhaa chache ndizo zinazobeba mwendo mwingi wa ghala lolote la vyakula. Ukiorodhesha mauzo ya miezi mitatu utaziona zenyewe zimejitokeza juu, hazifiki hata robo ya orodha. Hizo zikahamishiwa karibu na mlango wa kupakilia. Katika njia ya mchaguaji, vizito vikawekwa mwanzo ili vikae chini ya toroli, vyepesi na vinavyovunjika mwisho. Kila nafasi ikapewa anwani iliyopakwa rangi sakafuni, na oda ikaanza kuchapwa kwa kufuata anwani. Sabuni na dawa za kufulia zikatengwa mbali na majani ya chai na unga. Hili la mwisho watu hulipuuza, lakini majani ya chai hunyonya harufu kama sifongo, na mteja akinywa chai yenye ladha ya sabuni hatalaumu ghala. Atalaumu kampuni ya chai, kisha duka.

Chumba cha baridi kinastahili safu yake, kwa hiyo nitagusa tu. Kosa la kawaida ni kukifanya kimoja, nyuzi nne, kila kibichi kiingie humo. Ndizi chini ya nyuzi 13 hivi ganda linakuwa la kijivu na haziivi tena vizuri. Nyanya nayo hupoteza ladha. Ndizi, parachichi na nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na karoti ikilala karibu nazo huwa chungu, kabichi hupukutisha majani. Yote haya huja juu ya majeraha ya njiani: nyanya za Ilula zilizosafiri ndani ya tenga la mbao zikikandamizana, viazi vya Njombe ndani ya lumbesa ambayo kuli mmoja hawezi kuibeba bila kuitupa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba theluthi moja ya chakula cha dunia, takriban tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa. Sehemu ya hiyo nimeiona ikimwagwa kwa koleo nyuma ya magodauni yetu, saa nne usiku, majirani wasione.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ghala linajiharibia lenyewe. Kuna ubaya mwingine huletwa kutoka ofisini, na ndio ulionifanya nisimame mbele ya ukuta ule wa sukari. Ghala lilijaa kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi. Ofisa mauzo wa msambazaji ana lengo la mwezi na bonasi yake iko pale. Tarehe 27 akiwa hajafika, anakuja kwa mnunuzi na punguzo: chukua tani kumi za ziada, nakukata asilimia fulani. Mnunuzi naye hupimwa kwa bei aliyonunulia, hapimwi kwa nafasi anayoijaza, basi anachukua. Tarehe 29 zinafika semitrela. Makuli wanatoka kuchagua oda za matawi wanakwenda kushusha. Njia zinazibwa na paleti. Na siku hizohizo ndizo mishahara inatoka, ndizo matawi yanalia oda. Sukari imezuia sukari.

Jay Forrester wa chuo cha MIT alikwishaonesha kati ya miaka ya 1950 na 1960 jinsi mtikisiko mdogo wa mauzo dukani unavyogeuka wimbi kubwa ukifika kiwandani, kila aliye katikati akiongeza chake kwa hofu. Mfano unaopendwa ni wa Procter & Gamble, waliochunguza oda za Pampers wakakuta zinapanda na kushuka vibaya mno, ilhali watoto hukojoa kwa mwendo uleule mwezi mzima. Huku kwetu tumeongezea chumvi: Ramadhani, Krismasi, shule kufunguliwa, na lengo la mwezi. Matatu ya kwanza yamo kwenye kalenda na yanaweza kupangiwa. La nne tumejitengenezea, na ghala haliwezi kulitibu. Linatibiwa na mkurugenzi anayekubali kuachana na punguzo la tarehe 27 na kumpima mnunuzi kwa siku ambazo mzigo umelala. Sijapata wengi wanaokubali. Punguzo linaonekana kwenye karatasi. Gharama ya njia iliyozibwa haina mstari wake.

Je, kila kitu kipitie ghala kuu? Uingereza miaka ya 1980, kampuni kama Tesco ziliacha mtindo wa kila mwenye bidhaa kupeleka gari lake kila tawi, zikajenga maghala ya kanda na kupeleka kila kitu kwa gari moja. Walmart ikajulikana kwa kushusha upande mmoja wa jengo na kupakia upande wa pili bila mzigo kulala. Wengi wetu tukisoma hayo tunataka kuyaiga yote. Mimi nasema soda, mkate na maziwa ya mfuko yaende tawini moja kwa moja. Viwanda vyake vina magari yanayopita mtaa huohuo kila siku, chupa tupu za soda lazima zirudi, na mkate ukizungushwa kilomita tisa za barabara ya Mandela kwenda ghalani kisha kilomita tisa kurudi umeshazeeka. Ghala kuu lichukue bidhaa kavu na zile ndogondogo ambazo msambazaji huleta katoni tatu kwa tawi. Gari linalokuja tawini na katoni tatu za viungo linakula muda uleule wa mpokeaji kama linaloleta mia tatu.

Hata hivyo supamaketi ni kipande tu cha hadithi. Chakula kingi cha mji huu bado hupitia kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, na ghala la Mangi ni soko la Kariakoo. Wawekezaji wa teknolojia walilitazama hilo wakaona fursa. Twiga Foods ilianza Nairobi mwaka 2014 na ndizi, ikiunganisha wakulima na wauzaji wadogo. Copia ilitegemea mawakala wa vijijini. Sokowatch, iliyokuja kuitwa Wasoko, ilipeleka bidhaa kwenye maduka madogo kwa oda ya simu. Fedha nyingi ziliingia. Mei 2024 Copia ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Agosti mwaka huohuo Wasoko ikaungana na MaxAB ya Misri. Twiga ikapunguza wafanyakazi na kubadili mwenendo zaidi ya mara moja.

Wachambuzi wamelaumu riba za dunia, na wana haki. Mimi niliyezoea mlango wa kupakilia naona na jambo jingine. Kampuni zile zilikuwa zikishindana na usingizi wa Mangi. Yeye huamka saa kumi, hupanda daladala la kwanza, hununua katoni moja ya hiki na nusu bunda la kile, hukodi guta pamoja na wenzake watatu, na saa moja na nusu amefungua duka. Kazi hiyo hajilipi. Haimo kwenye bei ya sukari yake. Kampuni inayotaka kumletea mlangoni inalipa dereva, utingo, mafuta, bima na mchaguaji wa mistari mitano ya oda ya shilingi elfu sitini, kisha inatakiwa ibaki na bei ya Kariakoo. Namba hazikai, na programu ya simu haiwezi kuzikalisha. Zinaweza kukaa kwa njia moja ninayoijua: gari lisimame mara chache na lishushe kingi. Yaani Mangi wanane wa mtaa mmoja waagize siku moja, washushiwe sehemu moja. Wenyewe wameshalivumbua hilo na guta lao.

Naulizwa pia kuhusu mifumo ya kompyuta. Inunueni, ila baada ya sakafu kuwa na anwani, mabunda kuwa na majina tofauti na karani kunyang'anywa ankara. Mfumo uliowekwa juu ya mlango mbovu huzalisha makosa kwa kasi zaidi, tena yenye muhuri. Na makuli mnaowalipa kwa katoni iliyoshuka, msishangae katoni zikishuka kwa kurushwa. Walipeni kwa zamu, muone kuvunjika kutakavyoshika breki.

Kampuni ile haikupanua jengo. Walikubali daftari la saa, karatasi za tarehe, kuhesabu kidogo kila asubuhi, na sukari ikahamia hatua kumi na tano kutoka mlangoni. La punguzo la mwisho wa mwezi walisema watalifikiria, na bado wanalifikiria. Miezi minane baadaye nilipita tena tawi lilelile, Jumamosi, baada ya mishahara. Sukari ya kilo 2 ilikuwepo, imejaa safu tatu, tarehe ya karibu mbele. Kijana mpanga bidhaa alinikumbuka, akaniamkia, akanionesha kwa fahari. Nikageuka kuchukua chumvi kwenye rafu ya pili. Patupu. Nilipiga simu ghalani palepale. Karani alinyamaza kidogo, nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha akasema, "Mzee, kwenye mfumo nina mabunda thelathini na sita."

Nikamwomba aende akaangalie kwa macho. Nilisikia kiti kikisogezwa.